Mwezi wa riwaya za kutisha uanze na hesabu

Mhariri,

Wasomaji wa Moshi wanaotaka kumaliza mwezi na riwaya za kutisha wapige hesabu kwanza. Dracula ya Bram Stoker (1897) ina sura 27. Sura moja kila usiku, siku zinazobaki zinatosha Kusadikika ya Shaaban Robert, fupi, yenye nchi inayoelea angani (na kwa ubunifu haipitwi kirahisi). Wengi hukwama sura ya 5: shajara ya Jonathan Harker, msimulizi wa kwanza, inakatika, zinaingia barua za Mina, mchumba wake, na Lucy, rafiki wa Mina. Kila msimulizi anapobadilika, andika kwa penseli pembeni tarehe na jina lake. Kama kitabu ni cha maktaba, tumia kikaratasi. Frankenstein ya Mary Shelley (1818) isisomwe mwezi huohuo, maana nayo inaanza kwa barua na itakuchanganya.

Msomaji wenu,
Moshi