Mke wa mgambo na hesabu ya miezi sita

Ndugu Mhariri,

Nimefuatilia kwa makini barua za wasomaji ulizozichapisha kuhusu riwaya ya mke wa mgambo aliyekwenda Vita vya Kagera, na kwa kuwa nami nimeisoma pamoja na kikundi chetu cha usomaji hapa Mwanza, naomba nafasi nichangie. Lugha ya riwaya hiyo imekwisha kusifiwa vya kutosha. Ninalotaka kulijadili ni hukumu inayojirudia katika barua nyingi, kwamba mhusika mkuu, aliyehamia kwa mwenye duka kabla mumewe hajarudi, ni mwanamke asiye na subira, na kwamba mwandishi amewapaka matope wake wa wapiganaji wetu.

Mmoja wa wasomaji hao amepiga hesabu kabisa. Anasema majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979, na hivyo mwanamke huyu alishindwa kuvumilia miezi isiyotimia hata sita. Ndugu huyo amesahau kwamba mapigano yaliendelea hadi mwanzoni mwa Juni, majeshi yetu yalipofika kaskazini ya mbali ya Uganda, na kwamba hata baada ya hapo askari wetu waliendelea kukaa nchini humo hadi mwaka 1981. Wako waliorudi mapema, na wako ambao familia zao ziliendelea kungoja huku majirani wakiwa wamekwisha kupokea watu wao kwa ngoma. Sura ya kuhama kwa mwanamke huyu imewekwa mwaka 1980, na mwandishi ameutaja mwaka huo waziwazi katika mstari wa kwanza wa sura.

Tena mumewe alikuwa mgambo. Mgambo waliochukuliwa wakati ule walikuwa wakulima, wavuvi na vibarua, watu walioacha jembe na nyavu mahali zilipokuwa, na wake zao hawakuwa wakiishi katika kambi ambako taarifa ingeweza kuwafikia upesi. Barua zilichelewa. Redio ilitangaza miji iliyotekwa, wala haikuwa kazi yake kumwambia mtu wa Kirumba kama mumewe yu hai. Riwaya inamwonyesha mwanamke huyu akisikiliza taarifa ya habari kila jioni hadi siku anapoizima redio katikati ya taarifa akaenda kuanika dagaa, na kwangu mimi huko kuzima redio kunaeleza uamuzi wake kuliko maneno yote anayomwambia mama mkwe wake baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji vijana, bila kosa lao, hawawezi kulijua kwa uzoefu. Baada ya vita Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na hali ikazidi kuwa ngumu, hata kufikia mwaka 1983 Serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi nchi nzima. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya taa na khanga vilikuwa vitu vya kupangia foleni tangu alfajiri, na mara nyingi foleni ilifika dirishani bidhaa ikiwa imekwisha. Katika hali hiyo mwenye duka alikuwa mtu mwenye uwezo wa kuamua mtoto wa nani ataogeshwa kwa sabuni. Sura ya foleni, ambayo msomaji mmoja ameiita porojo, ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote. Wanaume wa kikundi chetu waliiona imerefushwa mno. Sisi wanawake tulitaka iendelee.

Kuhusu lalamiko kwamba hii ni riwaya ya vita isiyo na vita, nitasema kwa ufupi. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kushambulia matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaua wanyama katika kisiwa cha Saanane. Mwandishi ametumia nusu ukurasa tu kwa tukio hilo, na mara moja akamrudisha mhusika wake kwenye biashara ya samaki, kwa sababu kesho yake watoto walihitaji kula.

Kasoro ninayoiona mimi haijatajwa na yeyote. Wanawake wa ng'ambo ya Mto Kagera, ambao ni wao waliovamiwa, waliobakwa, walioporwa ng'ombe na kukimbia na watoto mgongoni, wanapita katika kurasa chache tu kama wageni wanaofika Mwanza kuomba hifadhi, hawana hata majina, kisha hatuwasikii tena. Hatuambiwi walirudi lini, wala walikuta nini pale palipokuwa na nyumba na migomba yao. Mwandishi aliyeweza kukaa na mwanamke mmoja kwenye foleni kwa kurasa nyingi hivyo angeweza kumsindikiza mmoja wao hadi Kyaka.

Barua zote nilizozisoma hadi sasa zimeandikwa na watu wa Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Kabla hujaufunga mjadala huu, naomba uchapishe pia ya msomaji wa Missenyi, huko mpakani palipovamiwa, na ikiwezekana awe mama aliyekuwa mtu mzima mwaka 1978.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa Kirumba, Mwanza