Vipindi 12, kicheko kimoja

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika magazetini. Barua yangu ya mwisho niliwaletea nikiwa bado nafundisha, ilihusu chaki, nanyi hamkuichapa. Lakini ile makala yenu ya Siku ya Redio Duniani, Februari 13, imenikaa kooni. Mwandishi wenu anasema msikilizaji wa leo ana bahati kwa sababu anapata "mseto wa vipindi kutwa nzima", akatoa mfano wa kituo kimoja cha mazungumzo kinachosikika nchi nzima, chenye vipindi 12 tangu alfajiri hadi usiku. Nilisoma mara mbili, kisha nikamuuliza mke wangu kama kuna redio nyingine yenye jina hilohilo.

Maana hicho ndicho kituo kinacholia kwangu kila siku. Huku kwetu Mpwapwa nilipo, kati ya vilima, ndicho kinachoshika bila mikwaruzo. Basi Jumanne iliyofuata nikaazima daftari la mjukuu, nikakaa barazani na redio kuanzia saa 12 asubuhi, niuone mseto wenyewe.

Asubuhi walikuwa na uchambuzi wa magazeti. Vijana watatu walisoma kichwa kimoja cha ukurasa wa mbele, wakarukia wa nyuma, na hapo wakabaki na Simba na Yanga hadi saa 2. Kikaja kipindi cha wanawake, chenye watangazaji wawili wanaume, mada ikiwa mke kupekua simu ya mume; kikaishia kwa Yanga. Kipindi cha afya, mtaalamu alikuwa muuza unga wa nguvu za kiume. Habari za saa 7 zilikuwa dakika 4 pamoja na matangazo. Cha watoto nilikisubiri mpaka nikasinzia. Majina ya vipindi yanabadilika, muziki wa kuanzia unabadilika, lakini waliomo ni walewale na wanachekana walewale.

Sasa njoo kwenye kipindi cha kilimo, ambacho ndicho hasa kilichonifanya ninunue kalamu. Nina ekari moja na nusu ya mahindi, na mwaka huu kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeingia nchini 2017, amenivamia mimi kabla ya majirani. Nilinunua dawa dukani, nikapulizia, wadudu wakaendelea kunenepa. Siku hiyo walisema studioni yupo bwana shamba, simu zipigwe. Nikapiga mara 9. Ya 9 ikapokewa. "Mzee wetu, unapiga kutoka wapi?" Mpwapwa. "Mpwapwaaa! Kabla hujauliza swali, mzee, wewe Simba au Yanga?" Nikasema sina timu, nina viwavi. Mhariri, walicheka hawa watu! Mmoja alipiga meza, nilisikia. "Mzee hana timu, ana viwavi!" Wakarudia kila mmoja kwa zamu yake, kisha wakanitaka nitabiri mechi ya Jumamosi, nami kwa adabu ya kizee nikasema sare, wakacheka upya, na salio langu likakata nikiwa bado sijataja hata jina la dawa. Wakasema mtaalamu atamjibu mzee baada ya tangazo. Tangazo likaja, la kubeti. Baada ya tangazo muda ulikuwa umekwisha. Huyo bwana shamba kipindi kizima nilimsikia mara moja tu, akikohoa.

Jirani yangu, asiyemiliki hata redio, ndiye aliyeniambia kesho yake kwamba mdudu huyo mchana hujichimbia moyoni mwa mmea na hutoka jua likizama, kwa hiyo anayepulizia saa 6 mchana anaogesha majani tu. Sentensi moja. Ingemtosha bwana shamba kabla ya kukohoa.

Vijana watasema mzee analilia zamani. Sisemi Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa pepo. Hotuba zilikuwa ndefu, na kuna miaka betri tulizipanga foleni kama sukari, zikiisha tunazianika juani tuibe siku mbili zaidi. Lakini kila mtu alikuwa na zamu yake katika siku. Mkulima alikuwa na Mkulima wa Kisasa, watoto walikuwa na Mama na Mwana, mgonjwa wodini alisomewa salamu kwa jina lake, na usiku, habari zikiisha, watu walinyamaza kusikiliza Mazungumzo Baada ya Habari, hata wale waliojifanya hawasikilizi. Pwagu na Pwaguzi walituchekesha pia. Lakini wakati wao ulipokwisha walitoka, hawakuhamia kwenye taarifa ya habari. Matangazo ya vifo ndiyo yalitufunza kukaa kimya. "Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo," na kweli zilifika: shangazi yangu alipata msiba wa kaka yake akiwa kwenye kilabu cha pombe huko Kondoa, redio ikiwa juu ya pipa, na kesho yake akawa kwenye basi. Na mwaka 1973, wakati wa Mtu ni Afya, ile kampeni ya elimu ya afya redioni, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi mbele ya redio, kila wiki, wiki 12, na vijitabu mkononi. Baba yangu alikuwa katibu wa kikundi chetu. Kipindi kilipoisha hawakutabiri mechi, walikwenda kuchimba vyoo. Cha kwetu nilikichimba mimi, kwa hiyo siambiwi.

Na hayo matangazo ya kubeti, nani anayaruhusu saa ambazo watoto wametoka shule? Mjukuu wangu wa darasa la 4 aliniuliza kama nimewahi kuweka mkeka. Nikamwonyesha ule wa bibi yake, wa ukindu. Akanihurumia. Huyo ndiye mwenye daftari, na nyuma ya ukurasa wa hesabu nimekuta kaandika majina ya timu za Ulaya na namba zenye nukta pembeni, desimali safi kabisa, ambazo darasani anazikosa. Tena Kiswahili chenyewe! "Hichi kipindi", "kiukweli yaani", "tukutane badae". Nilifundisha miaka 34 nikipambana na "hichi", leo ninaletewa barazani kwa spika, na mtangazaji analipwa. Mimi pensheni yangu mnaijua.

Dawa yake ninayo, na ni ya fedha kidogo. Mamlaka iagize kila studio ya redio ya mazungumzo iwe na viti viwili tu, kimoja cha mtangazaji na kimoja cha mgeni, na cha mgeni kiwe ndicho kilicho karibu na kipaza sauti. Wa tatu akitaka kucheka asimame nje, mlango ufungwe. Saa ya ukutani iwekwe, na ukifika muda wa habari ipigwe ngoma, ile tuliyoizoea, wajue kuwa kuna mtu anasubiri. Kama viti vya kupunguza vitakosa pa kwenda, shule yetu hapa ina wanafunzi wanaokaa chini.

Mwandishi wenu naye ninamkaribisha Jumanne yoyote. Baraza lipo, chai ipo, daftari nimenunua jipya la kwangu. Aje mapema, maana saa 10 nitapiga tena simu: bado sijajibiwa kama dawa niliyonunua ilikuwa ya viwavi au ya kupe.

Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa