Mashine ya kupimia nayo hukosea, Mhariri

Mhariri,

Assalaam alaykum. Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa habari ya karakana moja hapa Unguja iliyoleta mashine ya kupimia vipuri kwa pande tatu, ile ambayo sisi mafundi tunaiita kwa herufi zake tu, CMM. Habari ilinifurahisha, na picha ya ile meza ya jiwe la matale nimeikata nikaiweka. Lililonikera ni maneno mawili ya kwenye kichwa cha habari: "mashine isiyokosea". Hasha. Nimefanya kazi na mashine za namna hiyo miaka 11 huko Muscat kabla sijarudi Jang'ombe kucheza bao, na naomba nafasi nieleze zinavyokosea.

Mashine ile haina macho, inapapasa. Kidole chake ni gololi ndogo ya yakuti nyekundu, ya kutengenezwa kiwandani, iliyobandikwa kwenye ncha ya kijiti chembamba. Kijiti kinaingia kwenye kifaa kiitwacho probu. Probu ya kugusa ilibuniwa mwaka 1972 na David McMurtry, mhandisi wa Rolls-Royce, walipotatizwa na kupima vibomba vyembamba vya injini za ndege ya Concorde. Ndani yake mna vijiti vitatu vilivyokalia gololi sita na kubanwa na springi, na umeme unapita kwenye viungo hivyo. Gololi ya yakuti ikigusa chuma, kiungo kinalegea, umeme unabadilika, na papo hapo mashine inaandika ilipo.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mashine haijui uso wa chuma uko wapi. Inachokijua ni kitovu cha gololi. Ili ipate uso lazima iongeze au ipunguze nusu ya upana wa gololi, na upana huo inaupata kwenye programu, yaani kwa binadamu aliyekaa mbele ya skrini.

Jumamosi nilikwenda kuitazama. Kijana wa pale ni mwema, akanipokea kwa "shikamoo, ami" na kiti juu. Alikuwa anaijenga probu kwenye programu: unachagua kichwa, yaani kile kinachoshika probu na kuigeuza, chini yake probu, chini yake kirefusho, kisha kijiti na gololi yake, kimoja kimoja, kama ulivyovifunga kwa mkono. Picha inaota kwenye skrini kila ukichagua. Baada ya hapo probu inahakikiwa. Inagusa tufe moja la kung'aa lililofungwa mezani, ambalo upana wake umeandikwa kwenye cheti, na programu inakokotoa upana wa gololi kutokana na mguso huo. Kwa gololi yake ya milimita 3 ikaleta 2.984.

"Ami, hii imekosea," akasema. "Gololi ni ya 3, pakiti yake hii. Mimi huwa naifuta naandika 3 kamili."

Mwanangu, nikamwambia, hapo umefuta ukweli ukaandika pakiti. Gololi inapogusa, kijiti kinapinda kidogo kabla kiungo hakijalegea, kwa hiyo kitovu kinasogea mbele kuliko kinavyostahili. Gololi inafanya kazi kama ni ndogo kuliko ilivyo, na 2.984 ndiyo namba inayofuta mpindo ule. Ukiandika 3, kila tundu utakalopima litasomeka maikroni 16, yaani sehemu 16 za elfu za milimita, zaidi ya ukubwa wake, na kila shafti itasomeka maikroni 16 pungufu. Akanyamaza, akatazama trei ya vipuri alivyokwisha kupima asubuhi ile.

Sikumcheka. Mimi nilifanya kubwa kuliko lake, na sijawahi kulisema hadharani.

Huko Muscat tufe letu lilivunjika shina, likaletwa jipya. Cheti chake kilisema 24.9871. Mimi nikaandika 25. Sikuwa nimesahau, Mhariri, nilikuwa na haraka ya kwenda kuswali Ijumaa na 25 ilikuwa tayari ipo kwenye kisanduku kutoka tufe la zamani. Nikahakiki. Programu ikanipa kijani, na nukta zote zikakubaliana kwa chini ya maikroni 2. Kijani kile ndicho kilichonilaghai. Kinachoangaliwa pale ni kama miguso inafanana, wala si kama tufe ni la ukubwa ulioandika.

Tulikuwa tunakereza bushi za pampu, vile vibomba vifupi vya kukaa ndani ya tundu, za milimita 40, za kuingizwa kwa presi. Bushi inatakiwa iwe nene kuliko tundu kwa maikroni 20 ili ishike. Kwa namba yangu ya 25, mashine ikaamini gololi ni ndogo kwa maikroni 13 kuliko ilivyo. Matundu yakasomeka madogo, tukayapanua. Bushi zikasomeka nene, tukazipunguza. Kumi na tatu huku, kumi na tatu kule, jumla 26. Bushi ya kwanza ilipopelekwa kwenye presi iliingia kwa mkono, ikateleza ikatokea upande wa pili na kuanguka sakafuni. Karakana nzima ilisikia mlio wake.

Msimamizi wetu, mzee mmoja wa Kerala, hakugomba. Alileta pete ya kupimia, tundu lake milimita 40, yenye cheti chake, akaiweka mezani, akaniashiria nipime. Ikasoma 39.987. Akatoa cheti cha tufe kwenye droo, akakiweka mbele yangu, akaenda zake kunywa chai. Bushi na nyumba zake, yaani vyuma vyenye yale matundu, zilizoharibika siku ile nilizihesabu mwenyewe: 34.

Nilipokuwa nafuta ile 25 nilikumbuka Wete. Mama yangu alikuwa akichuma karafuu, na malipo yalikuwa kwa pishi. Pishi ya msimamizi mmoja, kile chombo cha kupimia, kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kutoka ndani kikatokeza nje. Wachumaji walijaza, wakapangusa juu kwa kijiti, mbele ya watu, hakuna aliyeibiwa kwa macho, na kila pishi ilikula konzi nzima ya ziada. Kupima kulikuwa sawa, ila chombo chenyewe hakikuwahi kupimwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimebonyeza kitako safari hii.

Kosa la kirefusho ni jepesi kulijua kwa sababu lina kelele. Ukifunga cha milimita 50 na kwenye programu ukachagua cha 30, kichwa kikilala nyuzi 90 mashine inaamini ncha iko milimita 20 mbali na ilipo, na inaliendea tufe kwa imani hiyo. Yakuti ikipasuka hulia kama jiwe kwenye wali. Vivyo hivyo kwa pembe: vichwa vingi vya kugeuka hupiga hatua za nyuzi 7.5, na kila pembe utakayoitumia inataka uhakiki wake. Kuhakiki ile ya kutazama chini pekee kisha ukapimia ubavuni ni kubahatisha.

Na vijana wapunguze kupenda vijiti virefu. Kijana wetu alikuwa amefunga virefusho viwili na kijiti chembamba juu yake "ili kifike popote". Kila kiungo ni mahali pa kulegea, na kila urefu ni mpindo. Fupi, nene, gololi kubwa kadiri tundu linavyoruhusu.

Kuna na hili la kwetu. Vipimo vya urefu dunia nzima vinasomwa kwa nyuzi 20 za joto. Chuma cha mita moja hurefuka kiasi cha maikroni 11 na nusu kwa kila nyuzi moja, na aluminiamu karibu mara mbili ya hapo. Kiyoyozi cha karakana ile kilikuwa kinasoma 20, lakini umeme ulikuwa umekatika usiku kucha na kurudi saa tatu asubuhi. Hewa hupoa upesi. Jiwe la meza lile halipoi kwa saa moja, na chuma kilichotoka nje juani hakipoi kwa sababu wewe una haraka. Tena mashine inaelea juu ya hewa ya kompresa, na hewa yetu ya Unguja ina maji. Niliuliza kikausha hewa kiko wapi, nikaoneshwa boksi ambalo bado halijafunguliwa.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni mawili. Waliotoa fedha za mashine watoe na za pete moja ya kupimia yenye cheti, ipimwe kila asubuhi kabla ya kazi na namba yake iandikwe daftarini kwa wino. Na vituo vyetu vya mafunzo ya amali vifundishe jambo hili kwa Kiswahili, kwa sababu yule kijana maelezo ya programu anayo, kurasa mia nne za Kiingereza, amezifunika kwa kitambaa zisipate vumbi.

Mimi Jumamosi hii narudi pale, nimeahidi. Tutaanza na ile trei ya asubuhi, vipuri vyote, upya. Ukipenda mtume mwandishi wako, aje na kichwa kingine cha habari.

Mkerezaji mstaafu,
Jang'ombe, Unguja