Barua kwa mwanangu anayekwenda Lamu

Pangani, Nairobi
Alhamisi usiku

Mwanangu,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, pamoja na chaja, maana najua huko ndiko utakakopekua kwanza. Ningeweza kukutumia kwa simu, lakini wewe ujumbe ukizidi mistari mitatu huusomi, unajibu "sawa mum" basi yamekwisha. Karatasi utaisoma, hasa mkishapita Garsen na mtandao ukaanza kukatika.

Juzi mezani ulisema ngome ya Lamu ni ya Wareno. Babako akacheka. Mimi nilinyamaza kwa sababu mahamri yalikuwa kwenye mafuta, lakini neno lile lilinikaa.

Sikulaumu. Mtoto wa Nairobi ngome anayoijua ni Fort Jesus, alikopelekwa na shule, akapanda juu ya mzinga akapigwa picha. Ile kweli ni ya Wareno, walianza kuijenga mwaka 1593. Lakini walipoipoteza mwaka 1698, ngome ya Lamu ilikuwa bado miaka zaidi ya mia moja kuwekewa jiwe la kwanza. Ya kwetu ni ya karne ya 19, na chanzo chake si Mzungu yeyote. Ni ugomvi wa sisi kwa sisi, watu wanaosema lugha moja, wanaosali kibla kimoja na kuoana.

Siku zile Pate ndiyo iliyokuwa ikijiona kubwa katika visiwa vile, na Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Wakashikana mkono hao wawili dhidi ya Lamu. Kabla ya panga walipigana kwa mashairi, Mombasa ikitunga na Lamu ikijibu, kejeli juu ya kejeli. Halafu, mwaka 1812 au hapo karibu, jeshi la Pate na Mombasa likashuka Shela. Shela utaiona, ni mwendo wa kama dakika arubaini kwa miguu ukifuata ufuo kutoka mjini. Siku hizi ni kwa wageni na mahoteli.

Waamu, yaani watu wa Lamu, wakatoka kuwalaki, na wakawashinda. Mwalimu wetu wa chuoni, yaani madrasa, alipokuwa akisimulia vita ile alikuwa akisimama, mzee wa watu, akiushika mkongojo wake kama upanga. Sehemu aliyoipenda ni pale adui walipokimbilia vyombo vyao. Maji yalikuwa yamekupwa. Mashua zimepwelewa, zimelalia ubavu mchangani, hazisukumiki wala hazipandiki, na Waamu wako nyuma yao. "Bahari nayo ilikuwa Mwamu siku ile," akisema. Tulikuwa tukishangilia. Hakuna aliyemwuliza walikufa wangapi. Nilipokuwa mkubwa ndipo niliposikia wazee wakisema upepo ukivuma sana pale Shela mchanga hufunua mifupa. Na chini ya matuta yayo hayo ndiko maji matamu ya kunywa ya mji wa Lamu yanakotoka, kwa hiyo usiyachezee yale matuta, wala usiende kuteleza na mbao kama wale watalii.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mtu akishinda hivyo ungedhani atalala usingizi. Waamu hawakulala. Walijua Mazrui watarudi, na safari ya pili huenda bahari isiwe upande wao. Wakaenda kuomba ulinzi kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman. Naye akakubali, kwa nini akatae? Akaleta liwali wake, yaani gavana, na askari wake, na ngome iliyoanzwa mwaka 1813 hivi ikamalizika karibu na 1821. Vijana waliopigana Shela walikuwa tayari watu wazima, wanapita chini ya ukuta ambao juu yake wamesimama askari wasiowajua. Kutoka Lamu Seyyid Said akaendelea kushika pwani kidogo kidogo, mpaka Mombasa yenyewe ikaanguka mwaka 1837 na Mazrui wakakoma kutawala. Lakini Siyu, mji ulioko kisiwani Pate, ulimsumbua sana. Miaka ya 1840 Bwana Mataka, mkuu wa Siyu, alilirudisha jeshi la Seyyid Said mikono mitupu. Siyu nako kuna ngome, ukipata boti na ruhusa ya bibi yako nenda ukaione.

Unajua nini kilinikumbusha haya yote? Geti letu. Baada ya wale wezi wa Desemba, mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa wapangaji nikasema tutoe pesa, ukuta uinuliwe, tuweke nyaya za umeme na soja wa kampuni. Wakanipigia makofi. Mwezi uliopita nimetoka sokoni, mikono imejaa, kitambulisho nimekiacha ndani, na soja mpya ananiambia, "Madam, sikujui, piga simu mwenye nyumba aje akutambue." Nilisimama nje robo saa, sukuma wiki zinanyauka. Hakuwa na kosa, kazi yake ndiyo hiyo, na mimi ndiye niliyemleta.

Haya, turudi Lamu. Ukifika pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, utakuta wazee barazani na punda wamesimama kama wana miadi. Salimia kwanza, usipite kimya kama mtu wa mjini. Kisha uangalie ukuta karibu, uweke kiganja. Si jiwe la mlimani. Ni matumbawe yaliyochongwa, na ukitazama vizuri utaona vitundu vidogo vya wale wadudu wa baharini waliolifanya. Matumbawe hayo hayo hupangwa juu ya lundo la magogo yakachomwa mpaka yakawa chokaa, na chokaa ndiyo inayoshika jiwe na jiwe. Kwa hiyo ukuta wote, jiwe na gundi yake, umetoka majini. Juu, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali, ndiyo maana vyumba vya zamani Lamu ni virefu lakini upana wake hauzidi mita 3 au hapo karibu. Babu yako alikuwa akisema nyumba ya Lamu imepimwa na mti, si na mwenye nyumba.

Mimi lakini neno ngome nililijifunza ukubwani. Tulipokuwa wadogo ile ilikuwa jela tu. Waingereza waliifanya jela mwaka 1910, Kenya ilipopata uhuru ikaachiwa kazi iyo hiyo. Njia yangu ya chuoni ilipita pale, na nilikuwa nikipita upande wa pili wa uwanja, nimeshika buibui la dada yangu. Mwaka nilipokuwa na miaka minane mjomba wangu aliwekwa rumande humo wiki tatu, akingojea kesi ya kumpiga mtu kafi kichwani kwa ajili ya nyavu. Bibi yako alinituma na bakuli la wali na samaki. Askari pale mlangoni alikuwa na kijiti cha fagio, akakichomeka ndani ya wali mara tatu, taratibu, pembe hii na pembe hii, kuona kama kuna kitu. Kisha akakipangusa kwenye suruali. Nilitazama ndani kupitia mkono wake nikaona ua tupu lenye jua kali, na mtu mmoja anafagia. Basi. Nilitegemea kuona minyororo.

Wafungwa walihamishwa mwaka 1984 na ngome ikapewa Makumbusho ya Taifa. Ilitengenezwa miaka mingi, mpaka ya 90 huko, na siku hizi kuna maktaba na maonyesho. Mara ya kwanza kuingia mwenyewe ilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu. Wanawake tumejaa lile ua lile, udi unafuka, vigelegele vinagonga kuta nne vinaturudia. Nikamwona mjomba kwa mbali, nje ya mlango mkubwa. Alileta zawadi, akaikabidhi pale pale kizingitini, akakataa kuvuka hata wanaume walipoitwa kula. Watu walimtania sana. Alisema chakula cha mle ndani alishakishiba.

Bahasha ya brauni ni ya bibi yako, usiifungue. Majani ya chai pia ni yake. Mkifika Mokowe usirukie boti kabla haijafungwa gatini, na begi la mgongoni livalie mbele.

Na kitu kimoja unifanyie. Ngome ile ilipojengwa ilisimama ufuoni hasa, maji karibu na miguu yake. Baadaye ufuo ulijazwa, zikajengwa nyumba mbele yake, ndiyo maana sasa imekaa ndani ndani kama iliyosukumwa. Simama mlangoni, uipe mgongo, uhesabu hatua mpaka kwenye maji. Uhesabu yakiwa yamejaa, halafu yakiwa yamekupwa. Jioni unipigie, uniambie zote mbili.

Mamako