Hesabu ya matawi ya wanga ianze na muhogo wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu wenzangu wa hisabati na kemia mkoani Kigoma, ambako ugali wa muhogo kwa migebuka ni chakula chetu cha kila siku, tufundishe kwa pamoja jambo ambalo kila upande hulipita kando: jinsi kuhesabu nukta na mistari kunavyosaidia kubashiri tabia za molekuli, zikiwemo za wanga.

Mwaka 1947 mkemia Harry Wiener alijumlisha umbali baina ya kila jozi ya atomu za kaboni, akihesabu vifungo vilivyo kati yake, na jumla hiyo ikamsaidia kukadiria viwango vya kuchemka vya parafini, yaani michanganyiko ya kaboni na hidrojeni kama butani. Darasani kwangu nilipanga punje nne za maharage mezani, kila punje ikiwa atomu moja ya kaboni. Zikinyooka mstari mmoja, jumla ni 10. Tatu zikiizunguka moja, jumla hushuka hadi 9. Butani, yenye umbo la kwanza, huchemka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, na isobutani, yenye umbo la pili, karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri, ingawa atomu zao ni zilezile kwa idadi. Msichana mmoja alitoka nyuma ya darasa akazihesabu punje kwa kidole, mara mbili, ndipo akakubali.

Wanga nao una habari hiyo ya matawi. Una molekuli za aina mbili, zote za glukosi, ambayo ni sukari ndogo: amilosi ni mnyororo ambao takriban hauna matawi, ilhali amilopektini huchipua tawi kila baada ya glukosi 24 hadi 30 hivi. Tukiifanya kila glukosi nukta moja, mnyororo ulionyooka wa glukosi 100 una jumla ya 166,650. Glukosi hizohizo zikipangwa kwa matawi, jumla lazima ipungue. Kila mpishi anaijua tofauti hiyo bila kuitaja, kwa kuwa amilosi huchangia sana ugali kukaza unapopoa.

Hata hivyo, namba hiyo haioni kila kitu, na hapa ndipo ninapoona somo lenyewe lilipo. Ule uzi mgumu tunaoung'oa katikati ya muhogo una selulosi, ambayo nayo ni mnyororo wa glukosi usio na matawi. Amilosi na selulosi zenye urefu sawa zina mchoro uleule wa nukta na jumla ileile, lakini amilosi tunaimeng'enya na selulosi hatuwezi, kwa sababu vifungo vya selulosi vimeelekea upande tofauti, na mchoro hauonyeshi upande.

Kwa hiyo naomba mwanafunzi achore na kukadiria kwanza, kisha aende maabara akadondoshee iodini kwenye wanga aliouchuja mwenyewe kutoka muhogo wa shambani kwao, na pembeni yake kwenye ule uzi uliooshwa vizuri, aone ni upi unaogeuka bluu iliyokolea.

Mwalimu wa Hisabati,
Kasulu, Kigoma