Tozo ya ufundi stadi imrudie anayefundisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ile ambayo sisi waajiri tumezoea kuiita SDL, na ambayo kila unapokaribia mwezi Juni na hotuba ya bajeti huzungumzwa kwa swali moja tu, yaani safari hii itashushwa kwa kiasi gani. Mimi nina karakana ya kuchomelea na kutengeneza injini za mashua hapa Ujiji, mkoani Kigoma, nina wafanyakazi 13, na tozo hiyo ninailipa kila mwezi bila kukosa. Siombi ishushwe tena. Ninaomba sehemu yake imrudie mwajiri anayethibitisha kwamba amefundisha, ombi ambalo hata waajiri wenzangu hulishangaa ninapolitaja, na ndiyo maana nimeona nilieleze kwa kirefu.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuilipa, msingi wake ni Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, hiyo hiyo iliyounda VETA, mamlaka inayosimamia mafunzo na vyuo vya ufundi stadi. Mwajiri hujumlisha mishahara ghafi ya wafanyakazi wake wote, hukokotoa asilimia iliyowekwa, na kuwasilisha fedha hizo kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, pamoja na kodi ya mishahara. Tofauti na kodi hiyo, SDL haikatwi kwa mfanyakazi hata senti moja, bali hutoka kwa mwajiri mwenyewe; nalisema hili kwa sababu vijana wangu kadhaa waliwahi kuamini kwamba nawakata. Kiwango kilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013 kiliposhuka kuwa 5, mwaka 2016 kikawa 4.5, baadaye 4, na kuanzia Julai 2023 kikawa asilimia 3.5. Aidha, zamani tozo ilianzia kwa mwenye wafanyakazi 4, na mwaka 2021 Bunge lilipandisha kizingiti hicho hadi wafanyakazi 10. Mimi mwaka huo nilikuwa na watu 7, nikapumzika, kisha kazi zikaongezeka nikavuka kizingiti tena. Kwa jumla ya mishahara ninayolipa sasa, ambayo ni shilingi 6,200,000 kwa mwezi, asilimia 3.5 ni shilingi 217,000, sawa na shilingi 2,604,000 kwa mwaka.

Kila kiwango kiliposhushwa tulishukuru, nami nilishukuru pamoja na wenzangu, lakini nilipokaa na daftari langu nikaona kwamba nafuu ile imetufikia sote kwa kipimo kimoja, aliyefundisha na ambaye hajafundisha. Mwenye karakana ambaye hajawahi kumshika mkono kijana hata mmoja alipunguziwa asilimia ile ile niliyopunguziwa mimi. Kama lengo la tozo ni kuendeleza ufundi, basi kuipunguza kwa wote bila kutazama nani anaendeleza ufundi ni kuifanya iwe kodi kama kodi nyingine, na kodi hujadiliwa kwa ukubwa wake tu.

Nitoe mfano wa karakana yangu. Mwaka 2019 nilimpokea kijana mmoja kutoka Kibirizi, mtoto wa mvuvi, ambaye hakuwa amepata kushika mashine ya kuchomelea. Mwaka wa kwanza mwanagenzi hula zaidi ya anachozalisha: nilimpa shilingi 5,000 kila siku ya kazi kwa ajili ya chakula na nauli, ambazo kwa siku 26 ni shilingi 130,000 kwa mwezi na shilingi 1,560,000 kwa mwaka, achilia mbali vijiti vya kuchomelea alivyovimaliza kwenye vipande vya chuma chakavu, na saa za fundi wangu mkuu aliyesimama nyuma yake akimwelekeza badala ya kufanya kazi ya mteja. Mwaka wa pili alianza kuunga chuma vizuri, na mwaka wa tatu aliweza kuziba tangi la mafuta ya mashua na kuchomelea alumini, kazi ambayo hapa Ujiji wanaoiweza ni wachache. Mwezi wa nne wa mwaka huo kampuni moja ya ujenzi kutoka nje ya mkoa ikampa mshahara ambao mimi singeuweza, naye akaondoka baada ya kuniaga kwa heshima. Simlaumu hata kidogo. Ana mama na wadogo zake, na mimi ningeondoka. Hata kampuni ile ilifuata masilahi yake. Ila ukweli ni kwamba gharama ya kumfundisha niliibeba mimi, na faida ikavunwa na mwingine ambaye hakulipia mafunzo yale hata kiberiti.

Hiki ndicho kiini cha tozo za aina hii popote zilipo duniani. Mwajiri akiona kwamba fundi aliyemlea atachukuliwa na jirani, huacha kulea na yeye husubiri kuchukua, na wote wakisubiri, mafundi wanakwisha. Serikali huingilia kati kwa kumtoza kila mwajiri ili asiyefundisha achangie gharama za anayefundisha. Lakini ili mzunguko huo ukamilike, fedha lazima ifike kwa anayefundisha. Kwetu hapa nusu ya kwanza, ya kutoza, inafanya kazi barabara, na nusu ya pili ndiyo sijaiona hapa Ujiji.

Sisemi kwamba fedha hizi hazifanyi kitu. Kwa miaka mingi mgawanyo uliojulikana ni kwamba theluthi moja ya tozo huenda VETA na theluthi mbili hubaki kwa Hazina, ambako zimesaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, jambo ambalo Chama cha Waajiri kimelilalamikia mara nyingi. Watoto wetu wanaosoma vyuo vikuu wanahitaji mikopo, sina ugomvi nao, ingawa naona mkopo huo ungestahili mfuko wake, kwa kuwa jina la tozo linasema ufundi stadi. Theluthi inayokwenda VETA nimeona matunda yake kwa macho. Chuo cha VETA Kigoma kimenipatia mafundi wawili wazuri, Nyamidaho kule Kasulu vijana wanasoma, na ndugu zetu wa Tabora wana chuo chao mjini na kingine Ulyankulu. Fundi wangu mkuu, aliyejifunza kazi chini ya miembe ya Ujiji kwa mjomba wake na hakuwa na karatasi yoyote mkononi, alipimwa na VETA katika utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akapata cheti, na siku ile alipokileta karakana ilisimama kwa nusu saa tukimpongeza. Upo pia Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi uliosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, uliotoa ruzuku kwa taasisi za mafunzo katika sekta 6, zikiwemo kilimo, ujenzi, uchukuzi na nishati, na ipo programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu yenye sehemu ya uanagenzi.

Ninachokiona katika yote hayo ni kwamba fedha huelekea zaidi chuoni au kwenye mradi, na karakana hupewa kijana wa mafunzo kwa vitendo pamoja na barua ya shukrani. Chuo humpa kijana msingi. Mkono wake huiva kazini, mbele ya injini ambayo mteja anaisubiri ufukweni, na gharama ya kuuivisha mkono huo haimo katika hesabu ya mtu yeyote isipokuwa mwenye karakana.

Wenzetu wamejaribu njia tofauti, na zipo za kuiga na za kukwepa. Jirani zetu wa Kenya hutoza shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anayepeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kuomba arudishiwe gharama na mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani. Afrika Kusini, ambako tozo ilianza mwaka 2000, kiwango ni asilimia 1 tu ya mishahara, na mwajiri anayewasilisha mpango wake wa mafunzo pamoja na taarifa ya utekelezaji hurudishiwa asilimia 20 ya alicholipa. Kabla ya mwaka 2013 alikuwa akirudishiwa asilimia 50, na kupunguzwa kwake kulizua kesi iliyochukua miaka; kwangu hilo ni funzo kwamba kiwango cha kurudisha kikiachwa kwenye kanuni ambazo waziri anaweza kuzibadili, waajiri hawatapanga mafunzo ya miaka 3 wakikitegemea. Uingereza ilianzisha tozo ya uanagenzi mwaka 2017, asilimia 0.5 kwa waajiri ambao mishahara yao inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, na kwa utaratibu ulioanza nao, fedha ambazo mwajiri hakuzitumia ndani ya miezi 24 zilimtoka. Kule idadi ya vijana wanaoanza uanagenzi ilishuka badala ya kupanda, na kampuni kubwa zilitumia sehemu ya fedha hizo kuwasomesha wafanyakazi waliokuwa nao tayari, wakiwemo mameneja. Ruzuku isiyotaja wazi inamlenga nani huishia kwa mwenye ofisi ya kujaza fomu.

Na hilo ndilo linalonitia hofu kwa mkoa kama wetu. Nikisema tu kwamba mwajiri arudishiwe sehemu ya alicholipa, nitakuwa nimewasemea wachache. Hapa Kigoma wenye wafanyakazi 10 na kuendelea ni wa kuhesabika. Wakamuaji wa mawese, mafundi seremala wanaounda mashua, mafundi makanika wa Mwanga na Gungu, wengi wana watu 3 au 5 na hawalipi tozo hii kabisa. Waajiri wa kilimo nao, kwa wafanyakazi wanaofanya kazi ya shamba moja kwa moja, wamesamehewa, kwa hiyo mashamba ya tumbaku ya Tabora hayamo. Lakini ukiuliza mafundi wa mkoa huu walijifunzia wapi, wengi watakutajia karakana ndogo zisizolipa. Kwa sababu hiyo ningependa ruzuku ifuate mwanagenzi badala ya kufuata risiti ya tozo: yeyote aliyesajiliwa na VETA kama karakana ya kufundishia, awe analipa SDL au halipi, apate kiasi kinachojulikana kwa kila kijana aliyemfikisha kwenye mtihani na kufaulu. Najua wenzangu wanaolipa watauliza kwa nini fedha yao imlipe asiyelipa. Jibu langu ni kwamba tayari tunawachukua mafundi wake.

Suala la udanganyifu si dogo, na sitaki kulipita. Fedha ikitangazwa, zitazaliwa karakana za kwenye makaratasi na wanagenzi wasio na sura. Ndiyo maana napendekeza malipo yasifanywe kwa kuorodhesha majina wala kwa kuonyesha stakabadhi za semina, ila kwa matokeo ya mtihani wa ufundi stadi, ngazi ya kwanza, ya pili au ya tatu, unaosimamiwa na watu wasiotoka katika karakana husika. Sehemu ndogo ilipwe kijana anaposajiliwa, ili mwenye karakana mdogo apate nguvu ya kuanza, na sehemu kubwa kijana anapofaulu. Maombi yapokelewe na kuamuliwa katika chuo cha VETA cha mkoa, kwa Kiswahili, kwenye fomu ya ukurasa mmoja, kwa sababu fundi wa Katonga hatafunga karakana siku 3 afuate sahihi Dodoma. Na kiwango cha ruzuku kiandikwe katika sheria yenyewe, pamoja na sehemu ya tozo itakayokilipia.

Nasema haya sasa kwa sababu kazi iko njiani. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na reli hiyo itahitaji mafundi wa kuitunza kwa miaka mingi baada ya wajenzi kuondoka. Ziwa Tanganyika nalo lina meli za kukarabatiwa na mamia ya mashua ambazo kila moja ina injini. Meli ya Liemba ililetwa hapa vipande vipande, ikaungwa na kuteremshwa majini mwaka 1915, na mafundi walioongoza kazi ile walitoka Ujerumani, wakati wengi wa watu wa hapa walikuwa vibarua. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Sipendi mjukuu wangu aje kubeba mabomba kwenye gati ya Kigoma huku fundi wa kuyaunga akisafirishwa kutoka mbali.

Mwezi Januari napokea wanagenzi wawili, mmoja wao msichana aliyemaliza kidato cha nne Ujiji. Tangu wiki ya kwanza nitaandika saa zao za kazi, vifaa watakavyotumia na kila shilingi itakayotumika, hadi siku watakapofanya mtihani. Afisa yeyote wa VETA, wa wizara au wa Chama cha Waajiri atakayetaka kujua kumfundisha kijana mmoja hapa Kigoma kunagharimu kiasi gani, daftari hilo nitamfungulia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye karakana,
Ujiji, Kigoma