Barua kwa mwanangu: hatua za babu yako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku Nungwi hatujambo, ila babu yako na goti lake.

Juzi nilishuka mjini, shangazi yako akanivuta Ngome Kongwe kutazama filamu ya manusura wa tsunami ya 2004. Mwanzo nilikataa. Msiba wa watu unauendea na mkeka na bisi? Mwisho nikajifunga kanga, nikaenda.

Watu wa Aceh, kule Sumatra, waliokufa na kupotea walipita 160,000. Msikiti wa Baiturrahman umesimama, mitaa ya jirani imesombwa. Nikajikaza. Kilichoniliza ni kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na lilipoanzia tetemeko. Wazee wao waliliona wimbi mwaka 1907, wakaliita smong, wakalitia katika hadithi na nyimbo za kulazia watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikikimbia ufuo, usiokote samaki, panda mlimani. Jumapili ile ya Disemba hawakungoja kuambiwa. Kisiwa cha watu kama 78,000, walikufa 7.

Mimi bibi yangu alinisimulia kimbunga cha 1872, enzi za Sayyid Barghash: mikarafuu ya Unguja iling'oka, merikebu za Sultani zikazama bandarini, Pemba ikasalimika, ndiyo maana hadi leo tukisema karafuu tunasema Pemba. Alikuwa na mengi, bibi yule, nami nikisinzia. Na hayo machache niliyoyashika sikukupa. Nilikulaza kwa taarabu ya redioni, na skuli ndiyo nikaiachia mengine.

Na mawimbi yale yalifika hata pwani zetu. Somalia walikufa mamia. Dar es Salaam, waliokuwa wakiogelea. Wewe ulikuwa tumboni mwangu.

Basi jana nikamwuliza babu yako: bahari ikikimbia hapa kwetu, pasipo na mlima, sisi tukimbilie wapi? Alicheka. Kisha akanyamaza mpaka chai ikapoa. Leo baada ya sala ya Alfajiri kanigongea dirisha, kanzu imelowa umande, bakora mkononi. Alikwishakwenda na kurudi.

"Mwandikie mjukuu wangu," akasema. "Kutoka dauni hadi kwenye ghorofa ile ya njia panda ni hatua 640. Tena kwa goti hili."

Mama yako